Mlima Usio na Hekalu

Juu ya Mlima Kenya hakuna hekalu. Kwenye kilele cha Nelion, mita 5,188, kuna kibanda kidogo cha bati alichokijenga Ian Howell mwaka 1970 ili wakwea miamba wapate pa kujibanza. Pale Lenana, mita 4,985, wamisionari wa Consolata walisimika msalaba katika miaka ya 1930, na usiku wa uhuru wa Desemba 1963 Kisoi Munyao alipandisha bendera ya Kenya papo hapo. Batian, kilele kikuu chenye mita 5,199, kina mwamba, upepo na barafu inayozidi kupungua. Basi. Hakuna kengele, hakuna kuhani, hakuna mahali pa kuacha viatu.

Hata hivyo, ukiwauliza wazee wa Embu na Meru, huu ndio mlima mtakatifu kuliko yote. Utakatifu huo umeanza kutamaniwa na watu wa utalii, ambao wameona India, Nepal na Tibet zikipokea mamilioni ya mahujaji wanaopanda milima kwenda kusali. Hoja yao ni nyepesi: kama Mhindu wa Nairobi anaweza kulipa pesa nyingi apelekwe Himalaya, kwa nini asipelekwe Chogoria, chini ya Mlima Kenya? Na kama Mhindu anaweza, kwa nini Mmeru, Mwembu, Mkikuyu na Mkristo wa kanisa lolote wasitengenezewe hija yao hapa nyumbani?

Swali hilo halijibiwi kwa kuhesabu vitanda vya hoteli. Linatutaka kwanza tuelewe hija ya milimani inavyoendeshwa kule ilikokomaa, kisha tutazame mila ya huku inasema nini, maana si lazima milima miwili mitakatifu iwe mitakatifu kwa namna moja.

Tuanze na mahujaji wenyewe. Sensa ya mwaka 2019 iliwahesabu Wahindu 60,287 nchini Kenya, idadi ndogo kuliko watu wengi wanavyodhani. Wafanyakazi wapatao 32,000 walioletwa kujenga reli kati ya 1896 na 1901 walitoka zaidi Punjab, na wengi wao walirudi kwao. Waliokuja kuzaa jamii ya leo ni wafanyabiashara, na wengi wao asili yao ni Gujarat: Kutch, Kathiawar, vijiji vya kandokando ya Jamnagar. Kwa hiyo mlima wa kwanza katika mawazo ya Mhindu wa Kenya huwa ni Girnar, karibu na mji wa Junagadh, kabla ya Himalaya. Huko mtu hupanda ngazi za mawe zinazokaribia 10,000, akipita mahekalu ya Kihindu na ya Kijaini yaliyobanana kwenye mteremko mmoja. Jirani zao wa dini ya Jaini, ambao nchini Kenya ni hasa Waoshwal, wana Shatrunjaya, juu ya mji wa Palitana, mlima wa mahekalu mamia kwa mamia.

Safari hizi, ziitwazo yatra, hupangwa kwa kundi. Wapo mababu na mabibi, wakwe, wajukuu waliolazimishwa kuacha simu kwa siku chache. Mara nyingi kundi huongozana na mpishi wake, maharaj, kwa sababu chakula lazima kiwe cha mboga na mkono ulioupika uaminike. Kwa Wajaini hata vitunguu na viazi haviliwi, kwa kuwa hung'olewa ardhini na kuua viumbe. Wakala hushughulikia viza, ndege, mabasi, farasi wa kukodi na machela za kubebea wazee. Aliyewahi kuwaona mahujaji wa Makka wakifungiwa mizigo Mombasa atautambua mpango wote huu. Si utalii mtupu na si ibada tupu. Mtu anatimiza nadhiri, anatalii, anatafutia binti mchumba, na anapiga picha.

Hapa nchini jamii za Waasia zimejijengea mahali pa kusimama njiani. Hekalu la Masingasinga la Makindu, lililojengwa mwaka 1926 kando ya reli, limekuwa kituo cha Wahindu na wa dini nyingine pia. Msafiri yeyote hupewa chai na chapati bila kuulizwa kabila. Nairobi kuna mandir la mawe ya kuchongwa la shirika la Kihindu la BAPS lililofunguliwa mwaka 1999. Yote mawili yako tambarare. Sijui hekalu la Kihindu lililojengwa kwa ajili ya Mlima Kenya, na sidhani kutokuwepo kwake ni bahati mbaya: Waasia waliofungua maduka Meru na Embu wakati wa ukoloni walikuja na miungu yao na milima yao, na ule wa hapa waliuacha kwa wenyewe. (Wapo wanaopenda kuunganisha jina la mji wa Meru na Meru wa maandiko ya Kihindu, mlima wa dhahabu ulio katikati ya ulimwengu. Majina yamegongana tu. Hakuna historia iliyo nyuma yake.)

Wenyewe wanasemaje? Waembu humwita Mungu Mwene Njeru na huamini makao yake yako kwenye mlima. Nyumba ya jadi ya Mwembu ilijengwa mlango ukielekea huko. Jambo hili hutajwa harakaharaka katika vitabu vya watalii kana kwamba ni pambo, ilhali ndilo kiini cha mambo. Mtu anayefungua mlango alfajiri na kuutazama mlima kabla hajamtazama jirani yake hahitaji safari. Baba wa nyumba alisali uani, akitema mate ya baraka kuelekea vilele, na kila nyumba ikawa na ibada yake. Jomo Kenyatta alipokipa kitabu chake cha mwaka 1938 jina linalohusu kuuelekea Mlima Kenya, hakuwa amebuni. Alichukua mkao wa kila siku wa watu wa pande zote za mlima.

Kwa Wameru habari ina sura nyingine kidogo. Murungu wao ni wa mbinguni, na simulizi zao za asili zinaanzia mbali, Mbwaa, mahali penye maji makubwa, walikotoroka utumwa wa watu wa nguo nyekundu wakapita baharini wakiongozwa na nabii wao. Taifa linalojisimulia hivyo lina safari takatifu moyoni mwake tayari, ila safari hiyo ilikwisha kufanywa. Ibada ilikuwa na mtu wake, Mugwe, ambaye Padri Bernardo Bernardi wa Consolata alimwandikia kitabu mwaka 1959. Mugwe hakupanda mlima. Alikaa kwake, na watu wakamwendea na asali na mifugo kuomba baraka kabla ya tohara, kabla ya vita, wakati wa ukame. Mkono wake wa kushoto ndio uliokuwa na baraka, na haukupaswa kuonekana. Aliufunika chini ya vazi. Utakatifu mkubwa kuliko wote katika Umeru ulikuwa kitu kilichofichwa makusudi.

Ukiziweka pamoja hizi mila mbili unaona ramani ambayo mtalii haioni. Mahali patakatifu pa Meru na Embu pako chini, kwenye mashamba ya watu na pembezoni mwa misitu. Kuna mti wa mugumo uliobaki peke yake katikati ya kahawa kwa sababu hakuna aliyethubutu kuukata. Kuna msitu wa Giitune karibu na mji wa Meru. Kuna Ziwa Nkunga ndani ya msitu wa Imenti, lenye simulizi ya joka lililokuwa likimeza watu. Kuna Nchiru, kwenye barabara ya kwenda Maua, makao ya baraza la wazee wa Wameru, Njuri Ncheke. Upande wa Embu kuna kilima cha Kirimiri karibu na Runyenjes, chenye miti ya dawa, na kichaka cha Mwenendega, baba wa Waembu katika simulizi, aliyemkuta Nthara akamwoa. Wambeere wana kilima cha Kiang'ombe. Kila kimoja kina mwiko wake, wa kuni zisizookotwa, wa maneno yasiyosemwa, wa watu wasioingia, na kila kimoja kilikuwa na wazee walioweza kusema hapana.

Waliopanda walikuwa wageni, na waliupandisha mlima majina yao na ya watu wengine. Mmisionari Krapf aliuona kutoka Ukambani Desemba 1849, na wataalamu wa Ulaya wakamdhihaki kwa kudai kuna theluji ikweta. Halford Mackinder alifika Batian Septemba 13, 1899, pamoja na waongoza milima wawili kutoka Alps, César Ollier na Joseph Brocherel, akaviita vilele kwa majina ya malaiboni wa Kimaasai, Mbatian na jamaa zake. Hapo pana kejeli ambayo huwa haisemwi: vilele vinavyotazamwa na Mwembu, Mmeru na Mkikuyu wakisali vina majina ya viongozi wa ibada wa kabila la nne, yaliyotolewa na Mwingereza. Mwaka 1943 wafungwa watatu wa vita Waitaliano, akiwemo Felice Benuzzi, walitoroka kambi ya Nanyuki, wawili wao wakapanda hadi Lenana, kisha wote wakarudi wenyewe kifungoni. Miaka kumi baadaye misitu ya mlima ilijaa wapiganaji wa Mau Mau, akina Waruhiu Itote upande mmoja na Musa Mwariama upande wa Meru, na ndege za Waingereza zikaudondoshea mabomu. Wapiganaji hao nao walisali wakielekea vilele. Walikaa mlimani kwa sababu ya vita, na kwa maombi bado waliutazama kutoka chini.

Lakini nisiifanye mila kuwa ukuta. Miongoni mwa wakwea miamba wa Kenya husimuliwa habari ya mzee wa Kimeru ambaye mwishoni mwa miaka ya 1970 alipanda peke yake, bila viatu, na Biblia yake, kwenda kumwomba Mungu. Wazungu waliokutana na habari zake walistaajabia ukweaji. Mimi nastaajabia teolojia. Alichukua mlima wa babu zake na Mungu wa Biblia, ambamo Musa na Eliya wote walipanda milima, akaviunganisha kwa miguu yake mwenyewe. Kigari walifika wamisionari wa Kianglikana mwaka 1910, Kaaga wakafika Wamethodisti miaka michache baadaye, Chogoria Waskoti mwaka 1922 wakiwa na daktari Irvine. Vizazi vinne vya Wakristo vimesoma kuhusu Sinai na Kalvari huku dirisha likitazama Mlima Kenya. Leo makundi ya maombi yanakesha na kufunga kwenye mapango na vilima kote Kenya. Kupanda kwenda kusali si jambo la kigeni tena. Hija ya mlimani, kwa maana hiyo, imekwisha kuanza bila wakala.

Sasa turudi Himalaya, kwa maana huko ndiko tunakoambiwa tuige.

Kedarnath iko mita 3,583, hekalu la Shiva chini ya barafu, na mwendo wa miguu kwenda huko kutoka Gaurikund ni kilomita 16. Kwa karne nyingi ilikuwa safari ya watawa na ya watu walioaga nyumbani wasijue kama watarudi. Pamoja na Badrinath, Gangotri na Yamunotri, ndizo ziitwazo Char Dham. Barabara zilipofika, zikafuatwa na mabasi, hoteli, kisha helikopta. Usiku wa Juni 16 kuamkia 17 mwaka 2013, mvua kubwa na ziwa lililobomoka juu ya hekalu vilishusha maji, mawe na tope juu ya mji uliokuwa umejaa mahujaji. Katika jimbo zima la Uttarakhand watu zaidi ya 5,700 walihesabiwa kuwa wamekufa. Hekalu lenyewe lilisalimika. Jiwe kubwa liliviringika likasimama nyuma yake na kugawa maji. Kwa waumini huo ulikuwa muujiza. Kwa wahandisi ulikuwa pia ushahidi kwamba waliojenga hekalu walijua pa kulijenga, na waliojenga hoteli hawakujua.

Ungedhani somo lingeshika. Mwaka 2016 serikali ilizindua mradi wa kupanua barabara za Char Dham, karibu kilomita 900, na mwaka 2023 mahujaji walipita milioni 5. Januari mwaka huohuo mji wa Joshimath, lango la Badrinath, ulianza kuzama na nyumba kupasuka, watu wakahamishwa. Kwenye anga ya Kedarnath helikopta za mahujaji zimeanguka mara kwa mara. Ya Juni 2025 iliua watu 7.

Hata hivyo, kuishia kwenye maafa ni kuisoma nusu ya habari. Hija ya Kihindu imedumu kwa sababu ndani yake mna breki, na breki hizo ni za kidini. Kedarnath na Badrinath hufungwa majira ya baridi, miezi sita hivi, na sanamu za miungu hubebwa kwa maandamano hadi vijiji vya chini, Ukhimath na Joshimath, zikaabudiwe huko. Mlima unapumzika kwa amri ya kalenda ya ibada, na hakuna waziri anayeweza kuisogeza. Kule Palitana hakuna anayelala juu ya Shatrunjaya, hata kuhani. Jioni wote hushuka na kuwaachia miungu mji wao. Sabarimala, kusini, humtaka haji nadhiri ya siku 41 kabla hajapanda, avae nguo za giza, ale mboga, ajizuie. Nadhiri hiyo ni viza ambayo hainunuliki.

Na Kailash, wa juu kuliko yote kwa heshima, haupandwi kabisa. Una mita 6,638, uko Tibet, na ni mtakatifu kwa Wahindu, Wabuddha, Wajaini na watu wa dini ya Bon. Haji huuzunguka kwa miguu, kilomita 52, akivuka kipito chenye zaidi ya mita 5,600, na hurudi alikotoka bila kukanyaga mteremko wake wa kilele. Serikali ya China imewahi kufungia mpaka mahujaji wa India kwa miaka mingi, 1962 hadi 1981 na tena 2020 hadi 2025, lakini hata pale mpaka ulipokuwa wazi kilele kilibaki kimefungwa na imani. Nepal inakataza kupanda Machapuchare. India imewazuia watu kuingia hifadhi ya ndani ya Nanda Devi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980. Walioufikia Kangchenjunga mara ya kwanza mwaka 1955 walisimama hatua chache chini ya kilele, kwa ahadi waliyoitoa kwa watu wa Sikkim.

Kwa hiyo anayesema "Wahindu hupanda milima mitakatifu, nasi tupande" amekosa kuwatazama vizuri Wahindu. Wanapanda baadhi, wanazunguka mingine, na ile mikubwa zaidi wanaitazama. Baba wa Kiembu aliyesimama uani na haji anayeinamia Kailash kutoka bondeni wangeelewana bila mkalimani. Kinachowatofautisha ni kwamba haji ana taasisi nyuma yake yenye uwezo wa kufunga mlango, na baba wa Kiembu alinyang'anywa yake.

Hapo ndipo penye uzito wa suala zima, kwa maoni yangu. Nani leo anaweza kuufunga Mlima Kenya kwa sababu za ibada? Hifadhi ya taifa ilianzishwa mwaka 1949, na vilele viko chini ya Shirika la Huduma za Wanyamapori. Misitu inayouzunguka iko chini ya Shirika la Huduma za Misitu. Kaunti zina mapato ya kutafuta. UNESCO iliuandikisha kuwa urithi wa dunia mwaka 1997 kwa vigezo viwili, uzuri wa maumbile na ikolojia. Utamaduni haumo. Kwa mujibu wa orodha hiyo ya ulimwengu, mlima huu ni mimea, wanyama, mabonde na barafu. Mwene Njeru hakuandikishwa. Linganisha na makaya ya Mijikenda huko pwani, yaliyoingia orodha hiyohiyo mwaka 2008 kwa sababu ya utamaduni wake: mgeni huko huambiwa avue viatu, ajifunge kitambaa, afuate njia moja, na mzee wa kaya ndiye anayeamua. Misitu midogo ya pwani ina sauti ambayo mlima wa pili kwa urefu barani Afrika hauna.

Sheria si kikwazo sana. Katiba ya 2010, katika ibara ya 63, inayataja matambiko na misitu inayotumiwa na jamii kuwa sehemu ya ardhi ya jamii. Kilichokosekana ni mwenye kudai. Njuri Ncheke wapo, na nguvu yao haijafa; wanasiasa wanaotafuta kura za Meru bado hupita Nchiru kuvishwa na kubarikiwa, wakati mwingine kwa pupa inayowaaibisha wazee. Baraza hilohilo lilitoa ardhi pale Nchiru ambapo sasa pamesimama Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru. Mfano wa pili unaofanana na huo uko Jammu: bodi ya hekalu la Vaishno Devi, iliyoundwa mwaka 1986, ilitumia sadaka za mahujaji kujenga barabara, hospitali na chuo kikuu pale Katra. Tofauti ni kwamba bodi ya Vaishno Devi ina sheria yake, hesabu zinazokaguliwa na uwezo wa kusimamisha msururu njia ikijaa. Hata hivyo, siku ya kwanza ya mwaka 2022 watu 12 walikufa pale kwa kukanyagana, na kila mwaka wanapita mamilioni kwenye njia moja ya kilomita 12 au 13. Taasisi nzuri haizuii kila baya. Ila ukitaka kujua kukosa taasisi kunafananaje, nenda Mukurwe wa Nyagathanga, Murang'a, chimbuko la Wakikuyu, uulize habari za hoteli ya kitalii iliyoanzwa hapo miaka ya 1980 ikatelekezwa kwa miongo mizima, zege tupu kwenye uwanja wa Gikuyu na Mumbi, wazazi wa kabila hilo katika simulizi. Mradi ulitangulia, wenye mahali wakafuata. Hiyo ndiyo namna ya kuua tambiko bila kulikufuru.

Kuna tatizo jingine ambalo taasisi yoyote ingekuwa imechelewa nalo. Mackinder alikuta mito mingi ya barafu juu ya mlima. Lewis, iliyo kubwa na iliyopimwa kuliko nyingine, imepoteza karibu sehemu tisa kati ya kumi za ujazo wake tangu miaka ya 1930, na wanasayansi wanatarajia mlima wote ubaki bila barafu ndani ya miaka michache ijayo. Weupe ule ndio uliomwonyesha Mwembu makao ya Mungu. India inalijua jambo hili pia. Katika pango la Amarnath, mita 3,888, kinachoabudiwa ni nguzo ya barafu inayojijenga yenyewe, na mwaka baada ya mwaka inayeyuka kabla msimu wa hija haujaisha. Makuhani husema Shiva yupo hata nguzo isipokuwepo. Wazee wa Embu na Meru watalazimika kusema la kwao, na sijawasikia viongozi wa dini wengi wakijaribu. Mapadri na wachungaji wa kando ya mlima wanahubiri juu ya kukata miti, jambo jema, lakini swali la mzee anayetazama mwamba mweusi pale alipozoea kuona nyeupe linahitaji jibu la kidini, na upandaji miche haulijibu. Barafu za Gangotri huzaa Ganga, na haji huinama pale maji yanapochomoza. Mvua na misitu ya Mlima Kenya hulisha Tana kwa mito kama Rupingazi, na Tana huzungusha mitambo ya umeme ya Masinga hadi Kiambere, huko Mbeere. Nyumba nyingi nchini zinawasha taa kwa maji hayo, na hakuna sherehe hata moja ya kitaifa ya kuyashukuru.

Je, ziara ya hija Meru na Embu inawezekana? Inawezekana, na ningependa iwepo, kwa sharti kwamba isianzie getini mwa hifadhi. Mpango wa wakala wa kawaida ungekuwa hivi: Chogoria, usiku kambini, Ziwa Ellis, Bonde la Gorges, alfajiri Lenana, picha, cheti. Hiyo ni safari nzuri ya milima na vijana wa Chogoria wanaoongoza na kubeba mizigo wanaishi kwayo. Waachwe waendelee nayo bila kuivisha kanzu. Mzee wa miaka 70 kutoka Parklands, Nairobi, aliyeshinda Kedarnath kwa farasi hapaswi kupandishwa mita 4,985 kwa siku tatu. Hewa nyembamba imewaua mahujaji wengi wa Kailash waliofikiri imani inatosha kuwa mapafu.

Hija ya kweli ya huku ingezunguka. Ingeanza Embu, kwa kichaka cha Mwenendega na Kirimiri, ipite Chuka na Chogoria ikivuka mito mmoja baada ya mwingine, ifike Giitune na Nkunga, iishie Nchiru, vilele vikiwa mkono wa kushoto njia nzima pindi mawingu yanaporuhusu. Haji wa Kihindu angegundua mara moja kasoro ya mwelekeo huo, kwa maana yeye huzunguka kitu kitakatifu kikiwa upande wa kulia. Angetaka aanzie Meru ashuke Embu. Watu wa Bon, wanaozunguka kinyume, wangefurahi. Haya ni mambo ya kujadiliana na si kikwazo. Kikwazo ni kwamba katika vituo vyote hivyo hakuna hata kimoja ambapo mzee mwenye dhamana amepewa, kwa maandishi, haki ya kumwambia kiongozi wa msafara: leo hamwingii, rudini mwezi ujao. Kaunti ikitaka kuanza, ianze kwa kuandika haki hiyo, kabla ya kutengeneza bango. Kisha ikubali kwamba siku nyingine basi litageuza, abiria watalalamika, na pesa ya kiingilio haitalipwa siku hiyo.